Mafuta ya Mzazi Hayafunguliwi Njiani

Jumamosi, 3 Mei 1975. Koboko.

Nimefika kwa mama mkwe. Nimeketishwa uani, kwenye kigoda kifupi chenye mguu mbovu. Kenyi amepewa kiti cha kuegemea. Kenyi ni mwanyumba wangu, mume wa Hawah, dada mkubwa wa mke wangu. Tangu alipooa, kile kiti ni chake. Leo amekuja na gunia la muhogo kutoka Kuluba. Mimi nimekuja na salamu. Zilikuwa salamu nzuri, ndefu, lakini muhogo ulishangiliwa zaidi.

Mke wangu Sadiya yumo ndani, nyuma ya pazia, pamoja na binti yetu Mastura. Ni mtoto wetu wa kwanza. Kwetu sisi Wanubi mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, na mzazi hatoki mpaka arobaini yake iishe. Sawa. Desturi naijua, siipingi. Ila hakuna aliyenionya kwamba nyumba yangu kule Awindiri, mjini Arua, itakuwa kimya namna hii. Juzi nimejikuta nikiongea na sufuria.

Nimemsalimu Sadiya kupitia pazia. Kasema hajambo. Uongo! Alichanika wakati wa kujifungua, na kidonda hakijafunga. Nilimsikia akigeuka kitandani. Akashika pumzi, kisha akaiachia polepole. Nikasahau hotuba yote niliyoitunga njiani.

Sasa habari kubwa. Mama mkwe, Mama Hajara, ndiye mpishi wa marhamu ya wazazi hapa Koboko. Mafuta ya lulu, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za ule mti wa porini uitwao lulu. Nta ya nyuki. Majani ambayo hayataji jina. Hupika mwenyewe, na mwanamume hakanyagi jikoni siku hiyo. Kisha anawagawia wazazi bure. Bure! Mimi, mfanyabiashara, nilitaka kulia.

Chungu kimekauka. Mafuta ya msimu uliopita yamekwisha Koboko nzima, na kokwa mpya ndiyo kwanza zinaanguka. Mama Hajara kasema bila marhamu kidonda kitachelewa, na kidonda kikichelewa Sadiya hatakwenda Awindiri hata arobaini ikiisha. Atabaki hapa mpaka apone. Hata mpaka mavuno. Alipotaja mavuno alinitazama mimi.

Akasema basi Kenyi aende sokoni Inde, kule kusini ya Arua, huenda yapo. Kenyi alikuwa na chai mdomoni. Nikasimama kabla hajameza. Kigoda kikaanguka. Nikasema nakwenda mimi, mke ni wangu.

Mama Hajara akasema: "Wewe iko na maneno mingi, baba Mastura. Mimi nataka mafuta."

Amenipa kibuyu chake na sharti moja tu. Mafuta ya mzazi hayafunguliwi njiani. Hayaonjwi, hayagawiwi, hayauzwi. Yakifunguliwa kabla ya kufika mkononi mwa mpishi, yamekuwa mafuta ya kukaangia. Nimesema ndiyo, Mama, kwa sauti ya unyenyekevu sana. Kenyi akatabasamu. Kwa nini atabasamu?

Jumatatu, 5 Mei. Inde.

Nimekuja juu ya lori la tumbaku. Nimepiga chafya kutoka Arua mpaka hapa.

Muuza mafuta ni mmoja tu, mama mmoja mnene aitwaye Driwaru. Alikuwa amebakiwa na mtungi mmoja. Nikaanza biashara kwa heshima. Nikamweleza kuwa mimi si mnunuzi wa kawaida, kwamba karibuni kutatoka dawa ya kupaka iitwayo Marhamu ya Tahiru, kila kikopo na picha yangu, na yeye anaweza kuwa wakala wangu wa kusini. Akauliza Tahiru ni nani. Nikasema ni mimi. Akafunika mtungi.

Nikabembeleza. Akageukia mteja wa nyanya. Jua kali! Mwishowe nikachoka, nikamwambia ukweli, taratibu, watu wasisikie. Mke wangu amejifungua. Amechanika. Hawezi kuketi.

Driwaru akaacha nyanya. Akauliza mtoto ni wa ngapi, na nani anampikia. Nilipomtaja Mama Hajara wa Koboko akapiga makofi, kumbe wanajuana tangu zamani. Akajaza kibuyu mpaka shingoni. Akaziba kwa nyuzi za mgomba, akapaka nta juu. Akanishika mkono: "Mutu akifungua hii njiani, imekwisha. Inakuwa ya kukaanga samaki. Umesikia?"

Nimesikia. Kwani hawa kina mama walifanya mkutano?

Mtungi wake umebaki mtupu. Kwa hiyo mafuta yote ya lulu ya Inde yako kwapani mwangu. Njiani nitafikiri sana juu ya jambo hilo.

Jumanne, 6 Mei. Awindiri.

Nimelala nyumbani. Asubuhi jirani yangu Santa kaja kuomba moto, akakiona kibuyu. Akanusa. Macho yakamtoka. Kasema miezi mingi hajaona mafuta ya lulu, ngozi ya watoto wake imepauka kama udongo.

Na Santa ana nini? Ana sukari! Ndugu yake huivusha kutoka Kongo kwa magendo. Sukari nyeupe, safi. Koboko hawajaiona tangu mwaka jana. Mama Hajara hunywa chai yake bila sukari, na kila akinywa hulalamika.

Nikapiga picha kichwani. Kenyi na muhogo wake. Muhogo! Unaota wenyewe. Halafu mimi naingia uani, kibuyu huku, sukari huku. Nani ataketi kiti cha kuegemea?

Sikutaka kufungua. Naandika hivyo ijulikane. Lakini kibuyu ni kikubwa na kidonda, kwa heshima zote, ni kidogo. Nusu ingetosha. Basi nimempa Santa nusu, yeye kanipa sukari. Hakuuliza mafuta ni ya nini, nami sikumsumbua kwa maelezo.

Kibuyu chepesi kingenisaliti, kwa hiyo nimejazia mafuta ya simsim yaliyokuwa jikoni. Rangi ileile, karibu. Nimetikisa vizuri. Nta nimeipasha moto na kuipaka upya kwa kidole gumba. Kazi safi! Driwaru mwenyewe asingejua.

Kidole kimeungua. Si kitu.

Jumatano, 7 Mei. Koboko.

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimeingia uani, Kenyi yupo, kwenye kiti. Nikatoa kwanza kibuyu. Mama Hajara akakipokea kwa mikono miwili. Kisha nikatoa sukari. Ungesikia vigelegele! Hawah kakimbia kuteka maji ya chai. Mama Hajara kaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Kisha akamwambia Kenyi ampishe mume wa Sadiya aketi.

Nimeketi. Kinaegemeza mgongo wote, hadi mabega. Sasa naelewa kwa nini Kenyi huwa mtulivu.

Sadiya kaniita kwenye pazia. Kasema ahsante, baba Mastura, umehangaika. Sauti yake imechoka. Kaniambia mtoto ameanza kushika kidole na kukibana, hataki kukiachia. Nikaingiza kidole changu chini ya pazia, kile kilichoungua, Sadiya akamsogeza mtoto. Mastura akakibana. Kiliuma sana. Sikukitoa.

Mama Hajara hajapika leo. Ameyamimina mafuta kwenye bakuli, akaliweka bakuli juu ya mtungi wa maji baridi. Kasema mafuta ya lulu yakilala mahali pa baridi huganda, na yakiisha kuganda ndipo hupimwa na nta. Sikujua habari hii ya kuganda.

Simsim huganda?

Alhamisi, 8 Mei. Koboko.

Simsim haigandi.

Asubuhi bakuli limewekwa mbele yangu uani. Chini, mafuta mazito ya manjano. Juu yake, yanacheza kama maji, mafuta mengine. Mama Hajara aliinamisha bakuli upande huu, akaliinamisha upande ule. Ya juu yakaenda na kurudi.

Nilisema ni joto la lori. Nilisema Inde siku hizi wana aina mpya ya miti. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba Driwaru amenipunja. Hapo Mama Hajara akasema polepole kwamba mafuta ya Driwaru ndiyo aliyopakwa yeye alipomzaa Hawah, na Hawah sasa ana watoto wake. Akaiangalia nta ya kibuyu. Akaiona alama ya kidole gumba. Akakiangalia kidole changu.

Nikarudi kwenye kigoda mwenyewe, bila kuambiwa.

Marhamu haipikwi na mafuta yaliyochanganywa. Haitashika kidonda, itateleza tu. Na Inde hakuna tena, nimeyamaliza mimi. Mama Hajara kamwambia Kenyi atafute popote. Kenyi ana pikipiki ya kuazima. Akaondoka bila hata kunicheka, jambo ambalo limeniuma kuliko angecheka.

Sadiya kauliza nyuma ya pazia: "Umefungua?"

Nikasema kidogo tu.

Baadaye akageuka kitandani. Ile pumzi tena. Anaishika, anaiachia. Nimeona aibu. Naandika hapa kwa sababu hapa Kenyi hafiki. Aibu kubwa. Sukari yote ya Kongo haifai kitu mbele ya sauti ile.

Nimepata wazo. Nitamwahi Kenyi. Nakwenda kwa Santa kuyarudisha mafuta.

Ijumaa, 9 Mei. Awindiri.

Lori liliharibika Maracha. Tulishuka kusukuma. Wakati nasukuma, kwa mikono miwili, shati limejaa vumbi, pikipiki ikapita ikitoka Arua kuelekea Koboko. Kenyi! Akapunga mkono. Mgongoni kafunga chupa kwa kitambaa.

Nikajua. Sikutaka kujua, lakini nikajua.

Nimefika kwa Santa nimekwisha. Kasema mafuta hayapo. Kaja bwana mmoja wa pikipiki, mpole, anauliza nyumba hadi nyumba mafuta ya lulu, shemeji yake ni mzazi na kidonda hakijafunga. Santa akampa yote. Bure.

Nikauliza kama alimwambia ameyapata kwa nani. Kasema ndiyo, kwa jirani yake Tahiru. Yule bwana akacheka mpaka akashika ukuta.

Halafu Santa akafikiri, akaunganisha mambo. Shemeji yake ni nani? Akanikazia macho. Akasema kumbe ni Sadiya! Akasema ningemwambia tu kwamba Sadiya ni mgonjwa, angenipa ile sukari bure, nimpelekee, na mafuta asingeyagusa. Akasema, "Bwana Tahiru, wewe mtu wa namna gani? Uliza kwanza! Mdomo iko ya nini?"

Kwa hiyo ningekuwa na mafuta yote na sukari yote. Nimelifikiria hili mara nyingi usiku huu. Kila mara linauma mahali papya.

Jumamosi, 10 Mei. Koboko.

Harufu ya marhamu nimeipata kutoka barabarani. Majani yale, nta, mafuta. Mlango wa jiko umefungwa, wanawake wanaimba ndani. Kenyi yuko kwenye kiti.

Amepikiwa kuku. Kila anayepita anamwita mwokozi wa Sadiya. Mama Hajara kamuuliza mbele yangu mafuta ameyapata wapi. Kenyi kajibu kuwa ameyapata Awindiri, kwa msaada wa mtu mmoja huko, mtu wa ajabu. Akanitazama. Akatafuna kuku.

Angenisema tu! Sasa nitalipa wema huu mpaka lini?

Jambo linaloniumiza ni kwamba mafuta ni yangu. Nimeyabeba mimi kutoka Inde. Nimeyapigia chafya. Lakini siwezi kudai sifa bila kudai na kosa. Nilijaribu hivi hivi kwa mbali. Nikasema mbele ya wote kwamba Awindiri kuna watu wema wengi kuliko inavyodhaniwa. Hakuna aliyeitikia.

Mafuta yaliyochanganywa Mama Hajara kayakaangia maandazi, akayanyunyizia sukari ya Santa. Nimepewa sahani ya kwanza. Wote wakanitazama nikila. Yalikuwa matamu sana, na nimekula yote.

Jumapili, 18 Mei. Koboko.

Nimekuja kusalimia. Nimeketi nje ya pazia. Mama Hajara kwa kawaida hunifukuza baada ya muda mfupi, leo kanisahau.

Sadiya kageuka kitandani. Nikasubiri ile pumzi. Haikuja. Akageuka upande mwingine. Haikuja! Kisha akaketi. Nimesikia kitanda kikilia, na yeye akasema, kama mtu anayeshangaa, kwamba ameketi.

Nilicheka peke yangu uani. Machozi yakatoka, nikasema ni moshi. Hawah akasema moto haujawashwa leo. Acha aseme.

Jumanne, 27 Mei. Koboko.

Arobaini imeisha!

Sadiya ametoka. Kavaa nguo mpya, mikono imepakwa hina, kanukia udi na lulu. Katembea kutoka mlangoni mpaka kwangu bila kushika ukuta. Akaniwekea Mastura mikononi, mzito kuliko nilivyodhani, na akanitazama kwa macho ya mama mkwe. Macho yaleyale! Nimeogopa kidogo.

Kenyi kasimama, akanivutia kiti cha kuegemea mwenyewe. Kasema baba mwenye mtoto aketi vizuri. Nimeketi. Sijui nimchukie vipi mtu huyu.

Wakati wa kuaga Mama Hajara kaniita kando. Kanikabidhi kopo lililofungwa kwa kitambaa na nta. Kasema ni marhamu iliyobaki, ya Sadiya kujipaka akiihitaji kule Awindiri. Akaongeza kwamba sharti nalijua. Nimeapa. Nimeapa kwa kichwa cha Mastura aliyekuwa amelala begani mwangu. Mama Hajara kanipigapiga mkono, kwa upole wa ajabu, akasema anajua nimejifunza.

Nimeguswa. Kweli nimejifunza. Mke kwanza, biashara baadaye.

Jumatano, 28 Mei. Awindiri.

Nyumba imejaa! Nepi kwenye kamba, kilio, moshi wa uji. Sijaongea na sufuria hata mara moja.

Nimefungua kopo.

Nieleze. Sadiya amepona. Anateka maji, anainama, anaketi. Marhamu ya nini kwa mtu aliyepona? Na mke wa fundi wa baiskeli, nyumba ya tatu, kajifungua juzi. Huo si ulafi, ni huruma. Kijiko kimoja tu kwake, kingine kwa wa pembeni, nione kama wanaipenda, kabla ya kuagiza vikopo vyenye picha. Na sharti lilisema njiani. Hapa si njiani. Hapa ni nyumbani.

Nikasubiri Sadiya alale na mtoto mchana. Nikaenda nyuma ya jiko. Nikakata nta kwa kisu, taratibu.

Majivu.

Kopo zima. Majivu ya jikoni, laini, meupe, yamechekechwa, yameshindiliwa vizuri mpaka juu.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Sadiya mlangoni, Mastura mgongoni, anacheka mpaka kanga inamfunguka. Kumbe hajalala. Kasema marhamu yenyewe imo kwenye mzigo wake tangu jana, imefungwa ndani ya nguo za mtoto. Kasema Mama alishindilia yale majivu mbele yake, kwa mikono yake mwenyewe. Mama alisema nitafungua siku ya kwanza. Kenyi akanitetea! Akasema Tahiru atafika Ijumaa. Hata Kenyi kakosea.

Nikamwomba msamaha. Nilimaanisha. Kasema mimi ni mpumbavu, lakini ni wake, na nilete kuni. Nimeleta kuni. Nimemwahidi hakuna biashara tena na mambo ya wazazi. Akanifutia majivu puani kwa upindo wa kanga. Nina bahati, nalijua hilo.

Jioni nikaosha mikono. Nikaona kitu. Mikono imetakata! Nikachukua sufuria, ile rafiki yangu, nikaisugua kwa yale majivu na maji kidogo. Imeng'aa, nimejiona uso.

Sabuni haionekani Arua nzima. Wanawake wanafulia maji matupu. Na majivu haya si ya kawaida, ni ya kuni za Mama Hajara, zilezile zinazopikia marhamu. Unga wa Tahiru! Na haya si mambo ya wazazi, ni mambo ya masufuria. Ahadi haijaguswa. Nimemwonjesha Santa kijiko kwa sufuria yake, kasema lete mengine.

Tatizo ni moja tu. Kopo moja halitoshi biashara. Kesho alfajiri nakwenda Koboko kumsalimia mama mkwe na kumwomba majivu zaidi. Ataniuliza nimejuaje kwamba koponi mlikuwa na majivu. Njiani nitafikiri.